Sifuri ya Kila Mwezi

Kila tarehe mosi naivua beji kifuani,
naitia kwenye bahasha ya kaki, nampelekea Bi Ormerod
wa chumba namba tatu, ghorofa ya chini,
naye wiki mbili baadaye huniandikia neno moja:
sifuri.

Januari sifuri. Februari sifuri.
Machi, mvua ya Manchester ikinyesha ubavuubavu
kama imetumwa kwa mtu fulani tu,
sifuri.

Ninachokichunguza ni tofali.
Si lile la kwetu, la tanuri na pumba za mpunga,
bali la grafiti, jeusi, lililokaa kinuni miaka arobaini
likipigwa na nyutroni usiku na mchana
mpaka likasinyaa, likaota ufa.
Mimi nimepewa kipande kidogo kuliko kifungo cha shati.
Nakipiga picha. Napima ufa. Nauliza:
wenzako waliobaki ndani watavumilia hadi lini?
Mwaka wa pili huu, hakijanijibu.
"Grafiti haina haraka," husema Dakta Hesketh,
akikoroga chai iliyopoa.
Grafiti haina. Ufadhili unayo.

Baba, seremala wa Ifakara, aliniuliza kwenye simu
ni udaktari gani huu usiojua hata kuchoma sindano.
Nikamwambia: ile kalamu ya risasi sikioni mwako,
haina risasi ndani, baba. Ni grafiti. Ndiyo ninayoisomea.
Akacheka mpaka kikohozi kikamshika.
"Mwenzio naichonga kwa kisu tangu hujazaliwa,
na cheti sijapewa!"
Nikamweleza nusu uhai: kitu hupungua nusu,
kisha nusu ya nusu, na hakiishi.
"Kama kopo langu la gundi," akasema.
Na kuhusu ufa: "Mbao haiulizwi itapasuka lini.
Igonge. Halafu nyamaza."
Sikuyaandika popote. Hayana marejeo.

Oktoba, simu ililia saa kumi alfajiri.
Alikuwa kaka, Adelhelmu. Hakunisalimu.

Niliondoka na sweta niliyoshinda nayo maabara.
Kilomita kumi na moja juu ya mawingu,
mahali ambapo hewa ni chache na miale ya anga
hupita mwilini bila kubisha hodi,
nililala nimeegemea dirisha. Sikuhisi kitu.
Abiria wa pembeni aliniazima kitambaa, hakuuliza.

Jeneza walilitengeneza vijana wake wa karakana.
Walikuwa na haraka, au walifanya makusudi:
kwenye ubao wa kichwani walisahau kufuta
mistari ya kipimo, na herufi O, ya Otmari.
Nilipitisha kidole pale.
Kikaja cheusi.

Novemba, Bi Ormerod hakuandika. Aliniita.
Alinivutia kiti, akavua miwani.
"Mwezi uliopita beji yako imesoma kitu.
Kidogo mno, Tekla, hakidhuru hata kuku.
Lakini kanuni zinataka niulize: ulikuwa wapi?"

Nikatazama sakafu yake safi.
Nilikumbuka pini ikinichoma shingoni
kwenye ndege ya kwenda, na ya kurudi,
na kule kati, sweta mgongoni mwa kiti
wanawake wakipepeta mchele wa msiba.
"Nilipanda juu," nikasema, "nikaenda kuzika."

Kalamu yake ilisimama.
Kisha akajaza kisanduku, kwa mwandiko wa mwalimu:
safari ya ndege, binafsi.
Sifuri nukta moja.
Akaniuliza kama nakula vizuri.

Desemba beji inaning'inia kwenye koti la maabara,
haivuki tena mlango.
Jana jioni, wenzangu wakiwa wamekwenda kwenye sherehe ya idara,
nimekigonga kile kipande kwa ncha ya koleo,
mara moja, taratibu,
nikazima feni ya mezani,
nikanyamaza.